Muulize Mfamasia: "Vitamini hazina madhara"

SWALI: Shikamoo mama. Baba yetu ana miaka 67 na amevuta sigara tangu ujana. Rafiki yake amemletea kopo la vidonge vya betakarotini na vitamini A, eti vinakinga mapafu. Mimi nasema ni kutupa fedha tu. Mdogo wangu anasema tumwachie, vitamini hazina madhara. Tuamulie.
Kifungua Mimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mmekosea nyote wawili, na naomba kopo hilo liondoke nyumbani leo hii.

Nasema kwa ukali kwa sababu niliwahi kumpa baba yangu mkubwa vidonge vya betakarotini kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa mfamasia mchanga, naye alikuwa mvutaji wa kutwa. Hoja ya wakati ule ilinivutia sana: watu waliopimwa damu wakakutwa na betakarotini nyingi walikuwa wakipata saratani ya mapafu mara chache kuliko wengine. Betakarotini imejaa kwenye karoti na mboga. Basi kwa nini tusiitie kwenye kidonge, tuwape wanaoihitaji zaidi? Hivyo ndivyo nilivyomweleza, tena kwa fahari.

Mwaka 1994 yakatoka matokeo ya jaribio la Ufini. Wanaume 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wavutaji wote, walikuwa wamegawanywa kwa kura. Kuna waliopewa miligramu 20 za betakarotini kila siku, na kuna waliopewa kidonge kinachofanana nacho kabisa lakini hakina kitu ndani. Si wao wala madaktari wao waliojua nani anameza nini. Walifuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8, na waliomeza betakarotini wakapata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Miaka miwili baadaye, jaribio la Marekani lililowapa wavutaji na watu waliofanya kazi penye asbesto betakarotini pamoja na vitamini A lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28. Mchanganyiko huo ndio uliomo kwenye kopo la baba yenu.

Nilipoyasoma matokeo ya Ufini nilikwenda kumwomba baba mkubwa msamaha. Akaniuliza, "Sasa vimeshanidhuru?" Sikuwa na la kumjibu. Mtu mmoja akiugua, hakuna awezaye kusema ni kidonge au ni sigara. Akikaa salama, hakuna awezaye kusema kidonge ndicho kilichomlinda. Ushuhuda wa rafiki wa baba yenu una upungufu huo huo, hata kama anasema kweli tupu. Ilibidi wahesabiwe watu elfu 29 ndipo jambo hili lionekane.

Na ile hoja iliyonivutia ilikuwa na tundu. Mtu anayekula mboga nyingi mara nyingi huwa na mengine pia: havuti sana, hanywi sana, anatembea. Damu yake inaonyesha betakarotini, haionyeshi hayo mengine. Kura ndiyo inayoyasawazisha, kwa kuwa inampeleka kila mtu upande wowote bila kujali tabia zake. Siku hizi nikisikia "utafiti umeonyesha", swali langu la kwanza ni hilo: watu waligawanywa kwa kura, au walitazamwa tu jinsi wanavyoishi?

Mboga zenyewe aendelee kula, hizo hazina ugomvi na mtu. Na mwambie baba kwamba kuacha sigara akiwa na miaka 67 bado kuna faida, tena zipo dawa za kumsaidia, kama nikotini ya kubandika kwenye ngozi. Akikubali, niandikieni tena, tulizungumze hilo kwa urefu.

SWALI: Nyinyi watu wa vidonge mnadharau miti shamba, ilhali dawa yenu ya malaria imetoka kwenye pakanga la Kichina. Kwa nini nisichemshe majani yangu mwenyewe?
Mzee wa Bustani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sidharau hata kidogo, na habari ya pakanga naipenda kuliko habari nyingine yoyote ya dawa. Lakini isikilize hadi mwisho.

Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale vya tiba, wakaanza kuijaribu mimea mmoja baada ya mwingine. Pakanga lilikuwa likiwachanganya: mara lafanya kazi, mara halifanyi. Tu akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona kwamba yeye anaagiza majani yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Moto hautaji. Tu akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa. Akaitoa kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo sana, na Oktoba 1971 sampuli nambari 191 ikawamaliza vimelea wote kwenye panya waliojaribiwa. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa wao kwanza. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo kitabu cha kale kilionyesha njia, na majaribio ndiyo yaliyoipata dawa. Wewe unataka kuyachemsha. Tena artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye pakanga, haiyeyuki vizuri majini, na kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea. Chai inaweza kuishusha homa ukajiona umepona, kumbe vimelea wamebaki, watarudi, na waliozoea dozi ndogo ndio wanaofundishwa kuishinda dawa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa sababu hizo, na ndiyo maana hata kidonge cha artemisinini huchanganywa na dawa ya pili. Mzee wangu, ukipata homa, kapime damu.

SWALI: Nimesoma majibu yako ya nyuma, unatukataza kila kitu. Kuna kidonge cha nyongeza unachokiamini? Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto wa kwanza.
Mke Mpya

JIBU: Kipo, na kwako wewe hakifai kusubiri: asidi foliki. Kuna jaribio la nchi 7 la wanawake waliokwisha kupata mimba ya mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Nalo lilisimamishwa mapema, mwaka 1991, lakini kwa sababu ya heri: asidi foliki ilikuwa imepunguza kurudi kwa kasoro hizo kwa asilimia 72. Wale walipewa miligramu 4. Wewe ambaye hujawahi kupata mimba kama hiyo, meza mikrogramu 400 kila siku. Kama kuna historia hiyo kwenu, au una kifafa au kisukari, muone daktari akupangie dozi.

Anza sasa, kabla ya mimba. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na wengi wakati huo ndio kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Ukinunua vidonge vya mchanganyiko, soma lebo uone retinoli, yaani vitamini A, ni kiasi gani. Ikizidi yuniti 10,000 kwa siku, rudisha, maana ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni.