Rangi kufanana pande zote mbili hakutoshi

Umeuliza kama, unapofunga vichwa kwenye waya wa mtandao wa kompyuta, unaweza kupanga rangi za nyaya nane za ndani utakavyo mradi pande zote mbili zifanane. Hapana, huwezi. Kipima waya cha bei nafuu kitawasha taa zote nane kwa mfuatano na kukudanganya, maana kinapima tu kama umeme umefika upande wa pili, jozi hakizioni. Mtandao wa megabiti 100 hutumia pini (nafasi za nyaya kwenye kichwa) 1 na 2, kisha 3 na 6, na kila jozi lazima iwe nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwani msokoto ndio unaozuia mwingiliano wa mawimbi kati ya nyaya. Ukipanga chungwa, kijani, bluu, kahawia kwa mfuatano, pini 3 inaangukia kijani na 6 bluu. Kipande cha mita moja mezani kitafanya kazi vizuri tu; vuta mita 30 uone pakiti (vifurushi vya data) zinavyopotea.

Fuata mpangilio wa kawaida uitwao T568B, klipu ya kichwa ikiwa chini na waya ukiingia kutoka upande wako, kushoto kwenda kulia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto kupita milimita 13.

Kwa kujifunzia hapo Mtwara usinunue boksi zima la waya la mita 305. Omba vipande vya waya kwa mafundi wa kamera, nunua vichwa vya RJ45 (vya waya wa mtandao) kama 20 hivi (vya mwanzo utaviharibu). Ukikwangua waya ukaona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: ya mazoezi sawa, ya mteja hapana, hasa nyumba za ufukweni Shangani ambako chumvi huila upesi.