Chungu cha chuma cha kupikia kambini: kukichagua na kuumudu moto wake

Ndugu muulizaji, umetaka kujua mambo mawili: kama ununue chungu kipya au kilichokwisha kutumika, na kwa nini mkate mliouoka kambini uliungua chini ilhali juu ulibaki mbichi. Nimepikia vyungu hivi kwenye moto wa kuni kwa miaka mingi, na naona maswali yote mawili yanarudi kwenye tabia ya chuma chenyewe. Chuma cha kalibu, yaani kile kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga, husambaza joto polepole kuliko alumini, lakini kwa unene na uzito wake hulitunza kwa muda mrefu. Kwa hiyo upande unaolambwa na ndimi za moto huweza kuwa mkali mno kabla upande wa pili haujashika joto, na chungu kikishapitiliza hakipoi upesi hata ukikiepua.

Tuanze na ununuzi. Kitu cha kwanza ninachokitazama ni kifuniko. Kifuniko cha chungu cha kambini kinapaswa kuwa bapa au kilichobonyea kidogo, chenye ukingo ulioinuka pande zote, ili kiweze kubeba makaa ya moto bila majivu kuangukia chakula unapokifunua. Kifuniko chenye umbo la kuba kinafaa jikoni, ila kwa kuoka kambini hakifai. Kiweke juu ya chungu, kisha ukizungushe na kukibonyeza kila upande. Kikicheza, mvuke utatoroka na mchuzi utakauka. Baada ya hapo tazama miguu mitatu, ambayo kazi yake ni kuacha nafasi ya makaa chini ya kitako, na utepe wa chuma wa kuning'inizia, yaani mshikio uliopinda kama wa ndoo, ambao masikio yake yawe yamemiminwa pamoja na chungu na yawe manene.

Chungu kilichotumika si cha kudharauliwa hata kidogo. Kutu isikutishe, kwa kuwa ile ya juu juu huondoka kwa kusuguliwa kwa waya. Kinachopaswa kukuogopesha ni ufa, kwa sababu chuma hiki kina kaboni nyingi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 2, na hiyo ndiyo inayokifanya kivunjike badala ya kupinda. Kining'inize kwa utepe wake, ukigonge kwa kifundo cha kidole: chungu kizima hulia kwa mlio mrefu ulio wazi, na chenye ufa hutoa sauti fupi iliyofifia. Kikague pia dhidi ya mwanga, hasa kwenye maungio ya miguu. Vilevile, zamani watu waliyeyushia risasi, yaani yale madini laini na mazito ya kijivu, katika vyungu vya namna hii, na madini hayo ni sumu. Kwa chungu kikuukuu ambacho historia yake huijui, tumia kipimo cha risasi kabla ya kukipikia, na kama kina dalili yake, kiache.

Kuhusu ukubwa, chungu chenye kipenyo cha inchi 12 hubeba takribani lita 6 na hutosha watu wengi kidogo, lakini uzito wake ni kama kilo 8 au 9 kabla hujatia chakula. Hakimfai msafiri anayebeba mzigo mgongoni. Chenye enameli, yaani utando mgumu kama kioo uliochomewa juu ya chuma, nakushauri ukiache nyumbani, kwa kuwa enameli huweza kupasuka na kubanduka kwenye moto mkali usiotabirika.

Chungu kipya mara nyingi huja kikiwa kimepakwa mafuta kiwandani, na wakati mwingine kimepakwa nta ambayo ni lazima ioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Kukiandaa maana yake ni kukipaka mafuta ya kupikia ndani na nje, kisha kuyafuta kwa kitambaa kana kwamba unataka kuyaondoa yote, halafu kukichoma kwenye joto la nyuzi 200 hadi 250 za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Mafuta hugeuka kuwa utando mgumu ulioshikamana na chuma. Tabaka nyembamba kadhaa ni bora mno kuliko moja nene, kwa sababu nene hubaki na unato na baadaye hubanduka.

Sasa nije kwenye mkate wenu. Pika kwa makaa, si kwa ndimi za moto. Washa kuni ngumu, ziache ziungue hadi zibaki makaa mekundu yenye majivu membamba juu, kisha uyavute kando kwa koleo na kuweka chungu hapo, huku moto mkuu ukiendelea kutengeneza makaa mengine. Kwa wanaotumia vidonge vya makaa vilivyo sawa kwa ukubwa, kuna kanuni rahisi: chukua kipenyo cha chungu kwa inchi, ukizidishe mara mbili. Kwa chungu cha inchi 12 ni vidonge 24, vinavyoleta joto la karibu nyuzi 175. Unapooka, theluthi mbili, yaani 16, huwekwa juu ya kifuniko, na 8 hupangwa chini kwa duara, bila kuvirundika katikati. Inaelekea mkate wenu uliwekewa moto mwingi chini na makaa machache sana juu. Kwa mchuzi au maharage mpangilio hugeuka, makaa mengi yakawa chini.

Upepo na baridi huharibu hesabu hizo, kwa hiyo macho na pua yako vina nafasi kubwa kuliko kanuni. Kila baada ya dakika 15 hivi, zungusha chungu robo mzunguko upande mmoja na kifuniko robo mzunguko upande wa pili, ili pasiwepo sehemu inayokaa juu ya kaa lile lile. Vaa glavu za ngozi, kwa maana utepe nao huwa wa moto. Usimimine kamwe maji baridi katika chungu kilicho moto, wala usikiache kitupu juu ya moto mkali, kwani ndivyo vinavyopasuka. Nyanya, ndimu na siki unaweza kuvitumia kwa mapishi mafupi, ila chakula chenye ukali huo kikilala humo hula ule utando na kupata ladha ya chuma.

Ukimaliza, kioshe kikiwa vuguvugu kwa maji ya uvuguvugu na brashi. Sabuni kidogo haidhuru utando uliokomaa. Kinachoudhuru ni kuloweka. Kikaushe juu ya makaa yanayozimika, ukipake mafuta kidogo sana, na unapokihifadhi weka karatasi iliyokunjwa kati ya chungu na kifuniko ili hewa ipite, maana unyevu ukifungiwa ndani utakuta kutu safari ijayo.