Baa ya Mtaa Hupimwa kwa Utunzaji wa Bia: Ushauri kwa Wanywaji wa Lubumbashi

Baa za mitaa yetu hapa Lubumbashi hazitofautiani sana kwa vinywaji zinavyouza. Ukiketi katika mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo au Bel-Air, utaletewa bia ya Simba au Tembo, ambazo hutengenezwa na kiwanda cha Brasimba hapahapa mjini, au utaletewa Primus na nyinginezo za kampuni ya Bralima. Bia hizo hutoka kiwandani zikiwa na ladha ileile, ndani ya kreti zilezile, juu ya malori yaleyale. Hata hivyo, kila mnywaji wa hapa anajua kwamba Simba ya baa moja inaweza kumburudisha, na Simba ya baa ya jirani, hatua chache mbele, ikamfanya aitazame chupa kwa mashaka. Tofauti hiyo huletwa na watu walioipokea bia hiyo na namna walivyoitunza mpaka ikafika mezani. Ninapenda sana baa za mitaa, nimezitembelea kwa miaka mingi, na siku hizi ninapoingia katika baa ngeni jambo la kwanza ninalolipima ni utunzaji.

Ziara ya kwanza ifanye siku ya kazi, mnamo saa kumi na moja jioni, kabla muziki haujapandishwa na viti havijajaa. Saa hiyo mwanga bado upo na mwenye baa ana nafasi ya kukujibu. Usiipime baa siku ya derbi. TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, timu mbili zilizoanzishwa mwaka mmoja, 1939, zikikutana uwanjani, baa hujaa kupita kiasi, chupa hutolewa kwenye friji kabla hazijapoa, na kila mtu huisifu au kuilaani bia kulingana na matokeo. Ni siku ya furaha na sitaki mtu abaki nyumbani, lakini siku hiyo haiwezi kukuonyesha tabia ya kawaida ya baa.

Kabla hujaketi, tazama kreti zimewekwa wapi. Bia huharibiwa na joto, mwanga na muda, na jua letu la mwezi wa kumi, mvua zinapokaribia kuanza, huleta joto na mwanga kwa pamoja. Mwanga ukipenya ndani ya chupa huvunja zile dutu zinazotokana na hopsi, yaani maua yanayotiwa kwenye bia, ambazo ndizo zinazoipa bia uchungu wake, na hapo hutokea harufu kali inayokumbusha mpira ulioungua. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Chupa ya kijani, kama ile ya Heineken, huzuia kidogo tu, na ndiyo maana sinywi Heineken iliyopangwa dirishani kama pambo, hata ikiwa imewekwa kwenye friji dakika chache kabla ya kuletwa. Joto hufanya kazi yake polepole zaidi: bia iliyokaa wiki kadhaa chini ya bati hupoteza harufu ya nafaka na kuanza kunuka karatasi ngumu iliyolowa. Katika baa moja ya Kenya ninayoiheshimu, kreti hukaa kwenye chumba cha nyuma chenye sakafu ya simenti na kisicho na dirisha, na kila lori linaposhusha mzigo mpya, mama mwenye baa husimama mlangoni na kuhakikisha kwamba kreti za zamani zimevutwa mbele na mpya zimewekwa nyuma. Vijana wake wanalalamika, kwa sababu kazi hiyo ni nzito, lakini sijawahi kunywa bia iliyochakaa kwake. Ukiona jambo kama hilo, keti bila wasiwasi.

Baada ya hapo mhudumu atakuja na swali letu la kila siku: «Papa, ya baridi ao ya moto?» Wageni hushangaa kwamba mtu anaweza kuchagua bia ya moto, yaani ile ambayo haijaingia kwenye friji, lakini wazee wengi wa hapa huitaka hiyo, nao wana hoja. Baridi kali hufanya ulimi ufe ganzi na huficha harufu, hivyo bia iliyokaribia kuganda haiwezi kukuonyesha uzuri wake wala kasoro yake. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo katika miezi hiyo chupa iliyotoka moja kwa moja kwenye kreti huwa tayari imepoa vya kutosha. Katika miezi ya joto mimi huagiza ya baridi, kisha huiacha mezani kidogo kabla ya kuimimina. Umeme ukikatika tangu asubuhi, ninachotafuta ni ukweli. Mhudumu anayeniambia kwamba chupa zake bado hazijapoa, na kwamba labda ningependa kusubiri, amenipa sababu ya kurudi. Yule anayeifuta chupa kwa kitambaa chenye maji ili ionekane ina umande wa friji, huyo simpi nafasi ya pili.

Chupa ifunguliwe mbele yako. Hilo ni desturi yetu ya zamani na halihitaji mjadala. Pitisha kidole mdomoni mwa chupa, kwa kuwa chupa hizi hurudi kiwandani na kutumiwa tena mara nyingi, na wakati mwingine ukingo huwa umemeguka. Halafu chunguza glasi. Mimina bia taratibu huku umeinamisha glasi, kisha isimamishe: ukiona vipovu vimeng'ang'ania kwenye kuta za glasi, au povu likizama mara moja, basi ndani ya glasi kuna mafuta au sabuni ambayo haikusuuzwa. Omba nyingine kwa upole, au isuuze mwenyewe kwa maji safi. Ninawasihi pia wale wanaokula michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, wafute midomo kabla ya kunywa, maana mafuta ya mbuzi huua povu palepale, na mnywaji huanza kuilaumu bia isiyo na hatia.

Kuhusu kuonja, ninashauri uanze na Simba au Primus. Hizi ni bia nyepesi za rangi ya dhahabu, zenye kilevi cha asilimia 5 hivi, na wepesi wake ndio unaozifanya ziwe kipimo kizuri, kwa sababu hazina mahali pa kufichia kasoro. Primus huchanganya mchele na kimea cha shayiri, na ndiyo sababu hupita kooni kwa urahisi bila kuacha uzito. Ikiwa bia nyepesi ya baa hiyo ni safi, inanukia nafaka na inaacha uchungu mfupi mwishoni, agiza Tembo.

Tembo ndiyo bia ninayoipenda kuliko zote za hapa, na inastahili kunywewa polepole. Rangi yake ya kahawia inatokana na kimea kilichokaangwa zaidi, na kimea hicho huleta ladha ya sukari iliyoungua kidogo na ya ganda la mkate. Ikiwa baridi kupita kiasi, yote hayo hupotea na unabaki na kitu kitamu kisicho na umbo. Iache ipate joto la mkono. Mimina nusu glasi, inuse, inywe, kisha ngoja: kwenye Tembo iliyotunzwa vizuri utamu hutangulia na uchungu hufuata kuusafisha, na mdomo hubaki mkavu kiasi cha kutaka kipande cha nyama. Kwenye Tembo iliyochoka utamu hubaki peke yake na hukaa ulimini hadi unachosha. Huo ndio mtihani wangu mkuu, na nimeona baa zenye viti vya fahari zikishindwa mtihani huo na baa zenye mabenchi ya mbao zikifaulu.

Baadhi ya sehemu za katikati ya mji huuza pia bia za Ubelgiji, kama Chimay na Orval, ambazo hutengenezwa katika monasteri za watawa wa Trapisti. Hizi ni za ukoo mwingine. Simba na Primus huchachushwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 8 na 13 hivi, halafu hupumzishwa kwa muda mrefu. Bia za watawa huchachushwa kwenye joto la juu zaidi, ambapo chachu hufanya kazi kwa kasi na kuacha harufu za matunda na viungo. Chimay ya bluu ina kilevi cha asilimia 9, na Orval ina asilimia 6.2. Yeyote anayekuletea bia kama hiyo ikiwa na barafu, kwenye glasi ndogo, anakudai pesa nyingi kwa kitu ambacho hataki ukionje. Inywe ikiwa imepoa kidogo tu, gawaneni na mwenzako, na usiifuate kwa chupa kubwa ya Tembo jioni hiyohiyo.

Sasa hali ya mahali penyewe. Mimi hutazama kwanza meza za wanawake. Wanawake wakikaa wawili au watatu, wakiongea na kucheka bila mtu kuwasumbua kila dakika, ujue mwenye baa ana macho na ana mamlaka. Muziki uwe wa kiasi ambacho watu wa meza moja wanasikilizana bila kupiga kelele. Rumba ina magitaa yanayosikika vizuri zaidi chini ya mti kwa sauti ya wastani kuliko kwenye spika inayotetemesha meza. Angalia pia anavyopokewa mtu aliyeagiza soda au munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Akiletewa kwa heshima ileile, na asihimizwe aachie kiti, basi baa hiyo inajali watu wa mtaa wake. Michopo ikatwe mbele yako, iletwe ikiwa moto kwenye karatasi yake pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili pembeni. Choo ukikague mapema, kabla hujakihitaji.

Chupa tupu zibaki mezani mpaka mwisho, kwa kuwa ndizo hesabu yenu. Mhudumu anayeziondoa haraka huzaa ugomvi hata akiwa na nia njema. Ikiwa utalipa kwa dola, uliza mapema watahesabu dola moja kwa faranga ngapi, na chenji itakuwa ya sarafu gani, maana swali hilo likiulizwa saa nne usiku huwa ni refu kuliko saa kumi na mbili. Ikiwa umekuja na gari au pikipiki, mwombe mwenye baa akutunzie chombo hadi asubuhi na upande teksi: wenye baa wazuri wa mitaa yetu hukubali, hufunga lango, na hukuitia dereva wanayemfahamu.