Kabla Hujasema Umeibiwa

Mwaka 2014, baada ya pambano la ndondi katika ukumbi mmoja hapa Mombasa, refa alitushika mikono sote wawili tukisubiri tangazo, kisha akauinua wa mpinzani wangu. Majaji wawili walimpa yeye, mmoja alinipa mimi. Nilishuka ulingoni bila kwenda kona ya pili kumsalimu kocha wake, na kitendo hicho kilikuja kuniuma kuliko matokeo yenyewe. Kwenye feri ya kurudi Likoni wenzangu walikuwa na neno moja tu: "Umeibiwa." Nililiamini neno hilo miaka mitatu.

Leo mimi ni kocha, na kila mashindano yakiisha nalisikia tena, kutoka kwa mabondia, kwa wazazi, kwa wazee wa barazani ambao hawakufika hata ukumbini. Wakati mwingine ni kweli. Wizi upo katika ndondi za ridhaa na nitausema waziwazi hapa. Lakini bondia asiyejua majaji wanatazama nini hawezi kujua lini ameibiwa na lini ameshindwa, na asipojua hilo hana la kurekebisha akirudi mazoezini.

Kocha aliyenilea alitufundisha kugusa na kutoka. Konde la mkono wa mbele, hatua mbili nyuma, zunguka, rudi. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilianzia mbali. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones wa Marekani alikutana fainali na Park Si-hun wa Korea Kusini, nyumbani kwa Park. Waliohesabu makonde walipata 86 ya Jones na 32 ya Park. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park dhahabu. Aibu ile haikufutika kirahisi. Mwaka 2023 Park mwenyewe alisafiri hadi Marekani akamkabidhi Jones ile medali.

Dawa iliyoletwa baada ya Seoul ilikuwa mashine. Majaji watano, kila mmoja ana kitufe chekundu na cha buluu, na konde haliwi pointi mpaka watatu wabonyeze kitufe kimoja ndani ya sekunde moja. Mashine hizo zilitumika Olimpiki kuanzia Barcelona 1992 hadi London 2012. Mabondia nao wakajifunza kuilisha mashine. Ukimpiga mtu tumboni ukiwa umemkaribia, jaji wa upande wa pili haoni kitu. Ukishusha makonde manne kwa mpigo, vidole vya majaji haviwahi. Kilicholipa ni konde moja refu la usoni, peupe, halafu unatoka. Huku kwetu mashine zenyewe wengi tulizisikia tu, lakini mtindo wake ulitufikia na tukaukariri.

Mwaka 2013 vitufe vikaondolewa ikaingia hesabu ya alama kumi kwa raundi. Mshindi wa raundi anapata 10. Mwenzake anapata 9 kama walikaribiana, 8 kama ameachwa wazi, 7 kama amezidiwa kabisa. Hakuna raundi ya sare, jaji lazima achague. Na mimi mwaka uliofuata nikapanda ulingoni na ndondi ya vitufe, mbele ya majaji wenye kalamu.

Hayo sikuyajua wakati ule. Niliyajua mwaka 2017 nilipoingia semina ya majaji na kuketishwa pembeni mwa ulingo na karatasi yangu, kama mwanafunzi, alama zangu zisihesabiwe. Tuliambiwa tutazame kwanza makonde bora, kisha nani anaitawala raundi kwa ufundi na akili, kisha nani anautaka ushindi. Konde bora ni lile linalopigwa kwa vifundo vya vidole, glavu imefungwa, likatua mbele au pembeni mwa kichwa, au mwilini juu ya mshipi, bila kuzuiwa na likiwa na uzito wa bega nyuma yake. Kofi la glavu si konde. Kugusa si konde.

Kwenye makaratasi yote hayo ni mepesi. Pambano langu la pili la majaribio, kona ya buluu alikuwa kijana wa mtaa uleule wa ukumbi. Kila akirusha mkono, watu "Heee!", mabenchi yanatetemeka. Yule mwekundu alikuwa ametoka mbali na watu wawili tu. Raundi ya kwanza nikampa buluu, 10 kwa 9, wala sikusita. Mkufunzi akaichukua karatasi yangu, akatuita nyuma ya jukwaa, akatuonyesha raundi ileile kwenye simu, sauti akiwa ameizima. Makonde sita ya buluu yaliyopigiwa kelele, manne yalitua kwenye glavu, moja begani, moja ndilo lililoingia. Mwekundu alikuwa akimfanyia kazi mbavuni dakika zote tatu, na mimi sikuona kwa sababu mgongo wake ulikuwa upande wangu. Hakuna aliyenihonga. Simjui kijana yule wala jamaa zake. Nilihukumu kwa masikio, basi.

Usiku ule nilimpigia rafiki yangu ambaye alirekodi pambano langu la 2014. Bado alikuwa nalo. Nikazima sauti, nikachukua kalamu. Raundi ya kwanza nikajipa. Ya pili nikampa mwenzangu. Ya tatu niliitazama mara nne, nikitafuta konde langu moja lililomsimamisha au kumrudisha nyuma, na sikulipata. Nilimgusa sana. Yeye alinipiga. Wiki hiyo nilipanda matatu hadi kwa kocha wake, nikampa mkono niliopaswa kumpa siku ile. Alicheka kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, wewe ulitoroka vizuri sana siku ile."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama. Siku za sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, usiwaache vijana waliopumzika wakae pamoja wakipiga soga. Watawanye pande tatu za ulingo, na kama klabu yako haina ulingo, pande tatu za mstari mliouchora sakafuni. Kila mmoja na ukurasa wa daftari, mstari katikati, nyekundu huku, buluu huku. Marufuku kusema. Kengele ikilia kila mmoja anaandika alama kabla hajasikia za mwenzake, ndipo mnazisoma kwa sauti. Wiki za kwanza tulipata tofauti za kustaajabisha: watu watatu, raundi moja, wawili huku mmoja kule, na wote wakweli. Kijana aliyepigana anasimama pale glavu mkononi, anasikia kwamba kazi yake nzuri ya mwilini ilionekana na mtu mmoja tu.

Hapo ndipo anajifunza kuonekana. Namfundisha kumzungusha mpinzani, asipigane dakika tatu amempa jaji mmoja mgongo. Akimaliza makonde yake asibaki kifuani amelala; atoke, asimame katikati, mikono juu, ili picha ya mwisho iwe yake. Konde la mwilini lifuatwe na la kichwani, kwa sababu kichwa kikirudi nyuma kinaonekana pande zote.

Na aiheshimu kila raundi kivyake. Vijana wetu wana tabia ya kuanza polepole wakiweka nguvu akiba, kisha raundi ya tatu wanawaka moto. Ukumbi unatoka na picha hiyo ya mwisho. Lakini ukizipoteza mbili za mwanzo kwa nywele, 10 kwa 9, na kuichukua ya tatu 10 kwa 9, umefungwa 29 kwa 28, hata kama mwenzako alimaliza akipepesuka. Mapambano mengi ambayo nimesikia yameibiwa yalikuwa hivi. Jingine ni maonyo. Onyo moja la refa linakukata pointi kwenye karatasi za majaji wote, na ukiingia na kichwa chini au ukikumbatia kila ukichoka, onyo hilo umelitafuta mwenyewe.

Sasa wizi wenyewe. Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Michael Conlan wa Ireland alitangazwa ameshindwa na Vladimir Nikitin wa Urusi, pambano ambalo wengi waliona ni lake, na Nikitin alitoka ameumia hata nusu fainali hakuweza kupigana. Baada ya michezo hiyo, marefa na majaji wote 36 waliohukumu Rio waliwekwa kando, na mwaka 2021 uchunguzi ulioongozwa na Richard McLaren ulieleza kwamba kulikuwa na mpango wa kuchezea matokeo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa tayari imelisimamisha shirikisho la ndondi la dunia mwaka 2019, na 2023 ikaliondolea utambuzi kabisa. Kama hayo hutokea chini ya kamera za dunia nzima, anayesema mtaani hayawezi kutokea hasemi kweli.

Huku chini, hata hivyo, wizi nilioushuhudia mara nyingi hauna bahasha. Ni ujamaa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Jaji ametoka klabu moja na bondia, au alimfundisha zamani, au nduguye anafanya mazoezi pale. Mashindano makubwa ya kimataifa yana kanuni kwamba jaji asiwe wa nchi ya bondia yeyote kati ya wawili. Sisi tunahitaji kanuni hiyohiyo kwa klabu, na tuisimamie kama tunavyosimamia mizani.

Mwaka 2022 nilikuwa na kijana wa kilo 57. Asubuhi ya pambano, kwenye upimaji uzani, nilimwona mtu akimfunga bendeji mpinzani wake. Jioni mtu huyohuyo amekaa kiti cha jaji. Nilimwona, nikanyamaza. Niliogopa kuonekana kocha mwenye fujo. Kijana wangu akashindwa majaji wawili kwa mmoja, na mmoja kati ya wale wawili alikuwa ni yeye. Kosa la jaji ni lake, lakini kunyamaza kulikuwa kwangu, na nilimwomba kijana radhi mbele ya mamake.

Ndiyo maana nasema lalama mapema. Upimaji uzani ukiisha, mfuate msimamizi wa majaji, pembeni, bila kelele, umuulize nani atahukumu. Ukiona ujamaa, mwambie: "Mzee, fulani namheshimu, lakini ana uhusiano na klabu ile, naomba apangiwe pambano jingine." Sijawahi kukataliwa nilipoomba kwa adabu kabla ya kengele. Baada ya kengele sijawahi kukubaliwa. Kama limeshatokea, andika barua yenye jina la pambano, raundi na dakika, uambatanishe video nzima isiyokatwa. Kile kipande cha sekunde kumi na tano ulichosambaza kwenye simu, mpinzani wako chini, hakithibitishi kitu. Barua yangu ya 2022 haikubadili matokeo, ila mashindano yaliyofuata yule jaji hakupangiwa tena mabondia wa klabu ile.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka kwenye klabu zetu ambao naukataa kwa nguvu zote: "Mlaze tu, majaji hawatakuwa na la kusema." Watu humtaja Robert Wangila, Mkenya mwenzetu, aliyetwaa dhahabu palepale Seoul 1988 kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili. Nami namwenzi Wangila. Lakini alifariki mwaka 1994 baada ya pambano la kulipwa Las Vegas, na sioni vipi mtu atamtaja ili kumfundisha mtoto wa miaka kumi na sita kutafuta konde moja la kulaza. Kijana huyo atarusha mikono mikubwa, atakosa, atapigwa akiwa wazi, na mwisho wa siku atapoteza kwa pointi vilevile. Mimi huwasimulia habari za Philip Waruinge. Mexico 1968 alirudi na shaba, na pia Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote katika michezo ile. Munich 1972 akafika fainali, akashindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Sovieti, majaji watatu kwa wawili. Bondia wetu fundi kuliko wote alikosa dhahabu kwa karatasi moja.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mkija kutazama, ketini chini, usawa wa sakafu ya ulingo, mbali na kona zote mbili, na mkitaka kujua nani ameshinda nyamazeni raundi moja tu mtazame mikono ya yule asiye wenu.

Na wewe kocha, matokeo yakitangazwa vibaya, usifungue kinywa kuhusu alama. Mvue kijana glavu, mpeleke kona ya pili asalimu, mpe maji, mpeleke nyumbani. Maneno ya alama yasubiri. Yule wangu wa kilo 57 alikuja Jumatatu, kabla ya wenzake, na karatasi aliyoijaza mwenyewe kwa video, sauti imezimwa. Raundi ya kwanza amejipa. Ya pili amempa mwenzake. Ya tatu ameiacha wazi, ameandika kando kwa penseli: "Kocha, hapa sijui." Tukaanzia hapo.