Maswali yenu: machela, jembe na kodi ya kichwa

Kabla ya hospitali za serikali, mgonjwa alikuwa mzigo wa nani? (Dada, Kabale)

Wa majirani, na kwenu Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ushahidi upo mpaka leo: engozi. Machela ya kusukwa, wanaume wanne begani, wengine wakifuata nyuma ili wapokezane mlimani. Kila nyumba ilitoa mtu. Asiyetokea alitozwa faini, na nadhani hapo ndipo siri ilipo: ukikwepa leo, kesho mkeo akishikwa na uchungu usiku utambeba na nani? Vikundi vingi siku hizi vinaweka akiba na kukopeshana, jina likabaki lile lile. Serikali ilikuja nyuma. Kampala, Waanglikana walifungua hospitali ya Mengo 1897, masista wa Kikatoliki Nsambya 1903, ndipo Mulago ya serikali 1913, ikianza na magonjwa ya zinaa.

Bulungi bwansi ikitangazwa, babu yangu anasonya. Kwa nini? (Kijana, Mukono)

Usimlaumu mzee. Ni kazi ya pamoja ya kijiji, na jina ni zuri, maana yake wema wa nchi. Buganda ya zamani ngoma ililia, watu wakatoka na majembe kufyeka njia na kusafisha kisima. Kisha wakaja Waingereza. Mkataba wa 1900 ulileta kodi ya nyumba, rupia 3. Ikaja luwalo, kama mwezi mzima kila mwaka ukimfanyia chifu kazi bila malipo. Ikaja na kasanvu, kazi ya lazima ya serikali kwa ujira wa kutupwa, ambayo ilifutwa 1922. Jembe ni lile lile, ila sasa nyuma yako kuna askari. Babu yako huenda hakuyaona, lakini baba yake aliyaona, na kinyongo hurithiwa kama shamba.

Kodi ya kichwa ilikwisha lini? (Msomaji, Jinja)

2005. Baba yangu risiti zake alizifunga kwenye nailoni, akazichomeka juu ya dari. Bila karatasi ile, kwenye kizuizi cha barabarani hukupita. Wanaume walilala vichakani alfajiri wakikimbia msako. Hakuna aliyeililia. Ila ndiyo iliyokuwa pesa ya wilaya yenyewe, na ilipoondoka wilaya zikabaki kungoja fungu la Kampala. Siku ile mwananchi aliacha kudaiwa, akaacha pia kudai. Barabara ya kwetu ikibomoka tunamtafuta mbunge, wakati kazi yake ni kutunga sheria.

Mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la kijiji, ni yule yule tangu niko praimari. Inawezekana? (Mama, Mbale)

Inawezekana sana, mama. Kijiji kilichagua 2001, kikachagua tena 2018, katikati hakuna uchaguzi. Na hiyo 2018 mlipanga foleni nyuma ya mgombea, jirani akiona wazi nani kampa nani mgongo. Nami nilisimama pale. Wa mbele yangu alihama foleni mara mbili kabla ya kuhesabiwa.