Mtoto wa pili kwenye picha ya Maria si pacha

Dada, umeuliza kama Maria alikuwa na mapacha, kwa kuwa picha yako inamwonyesha na watoto wawili na ndege. Hapana. Kwa ulivyoieleza, hiyo ni nakala ya mchoro wa Raphael, mchoraji wa Italia, wa mwaka 1506 hivi, ulioko kwenye jumba la makumbusho la Uffizi, mjini Florence.

Anza na mavazi: aliyevaa ngozi, mwenye kibakuli kiunoni, ni Yohana Mbatizaji. Yesu ndiye aliyeuweka mguu wake juu ya mguu wa mama, akimpapasa ndege aliyeshikwa na Yohana. Huyo ndege ndiye wa kumtazama sana. Masimulizi ya kale yanasema alichomoa mwiba kwenye taji la Yesu, damu ikamrukia usoni. Ndiyo maana ana wekundu. Mchezo wa watoto, kumbe unadokeza msalaba!

Ukihisi nakala yako ni ya kale, usiifute kwa maji. Mwonyeshe kwanza mtaalamu wa makumbusho.