Programu ya kuagizia chakula ianzie jikoni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tuna mgahawa Magomeni, Dar es Salaam. Mchana tunauza pilau, wali wa nazi kwa samaki, ndizi nyama na kuku wa kuchoma. Wateja wetu wengi ni wafanyakazi wa ofisi za jirani, ambao huagiza kwa kupiga simu au kwa WhatsApp. Ikifika saa sita na nusu mchana oda zinachanganyika, na wapo waliotuonyesha ujumbe wa malipo ambao fedha zake hazikuingia kamwe. Mpwa wangu anayesomea kompyuta amejitolea kututengenezea programu ya simu, na amekwisha kuchora kurasa nzuri zenye picha kubwa. Je, tumwambie aweke nini? Au ni afadhali tujiunge na kampuni za kusambaza chakula?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Ndugu msomaji, kurasa alizochora mpwa wako ni sehemu nyepesi ya kazi. Oda moja hupita mikononi mwa anayeagiza, anayepokea fedha, anayepika na anayepeleka, na kwa maelezo yako, matatizo yenu yanaanza baada ya mteja kukwisha kuagiza. Mwombeni aziweke kando kurasa hizo kwa muda, aje akae kaunta kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane mchana, aandike kila swali ambalo mpishi humwuliza mpokea oda na kila swali ambalo mpokea oda humrudishia mteja. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotakiwa kuwa kwenye skrini.

Atagundua mapema kwamba menyu ya mgahawa kama wenu haitulii: samaki wanaweza kwisha saa saba na robo, wakati programu ikiendelea kuwauza. Kitufe cha “Kimeisha” hakina budi kuwapo, kikubwa, tena mahali ambapo mtu wa kaunta atakibonyeza bila kufungua kurasa nyingine. Hata hivyo hakitoshi, kwa sababu mteja aliyeketi mezani anakula kutoka sufuria ile ile. Mimi ningegawa sufuria asubuhi: kama kuna vipande 40 vya samaki, programu ipewe 25, iwe inapunguza kila oda inapoingia, na 15 vibaki vya mezani. Mkiona saa saba mezani kumepoa, mnaiongezea programu.

Nafasi tupu ya “maelezo” isiwe ndiyo tegemeo, maana mpishi hana muda wa kusoma barua. Yale yanayoulizwa kila siku yageuzwe kuwa vitu vya kuchagua: kuku robo au nusu, paja au kidari, kachumbari iwemo au isiwemo. Skrini ya jikoni isomeke kwa mtazamo mmoja, kwa herufi kubwa: “Oda 18. Saa 7:00 mchana. Pilau kuku 2, moja bila kachumbari. Juisi ya ukwaju 1. Imelipwa. Ghorofa ya 3, mapokezi.” Picha zipunguzwe uzito ili zisile bando la mteja, na ziwe za sahani zenu wenyewe, biriani iliyookotwa kwenye intaneti itawaletea lawama tu.

Muda unahitaji uangalifu wa pekee. Mtu anayekusudia saa saba mchana anaweza kuandika 7:00, na mfumo uliotengenezwa kwa saa za kizungu ukaielewa kuwa saa moja asubuhi. Kwa hiyo mteja asiandike saa, bali achague kwenye orodha iliyoandikwa wazi “Saa 6:30 mchana”, “Saa 7:00 mchana”, na kila kipindi kiwe na kikomo cha oda ambazo jiko linaweza kuzimaliza. Kikijaa, kifungwe chenyewe. Mwezi wa Ramadhani kikomo hicho kitawaokoa, kwa kuwa kila anayeagiza futari anataka imfikie kabla ya adhana ya magharibi.

Kuhusu fedha, msikubali tena picha ya ujumbe wa muamala kuwa ushahidi. Programu itume ombi la malipo kwenye simu ya mteja, mteja aweke namba ya siri kwenye ombi la mtandao wake wa simu, kamwe si ndani ya programu yenu, kisha uthibitisho urudi kwenye mfumo wenu moja kwa moja. Huduma hiyo inahitaji mkataba na kampuni ya simu au na kampuni inayounganisha malipo, basi anzeni kuifuatilia sasa. Wakati mkiisubiri, pokeeni kwa lipa namba, na keshia aangalie salio la akaunti ya biashara kabla oda haijaingia jikoni.

Anwani isiachiwe ramani peke yake. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imeacha namba kwenye nyumba na vibao barabarani, lakini dereva wa bodaboda bado atataka kujua jengo liko mkabala na nini na ampigie nani akifika.

Sioni haja ya kukimbilia maduka ya programu. Google hutoza dola 25 mara moja kumsajili mtengenezaji, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Gharama kubwa zaidi ni kumshawishi mtu apakue programu nzima kwa ajili ya mgahawa mmoja. Tengenezeni kwanza ukurasa wa tovuti unaofunguka vizuri kwenye simu, kiungo chake kitumwe kwa wateja wale wale wa WhatsApp.

Kampuni za kusambaza chakula zinaweza kuwaletea wateja wapya, kwa kamisheni, na si vibaya kuzijaribu kwa vyakula vichache. Msihamishie huko wateja mlio nao. Jumia, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ilifunga huduma yake ya kusambaza chakula mwishoni mwa Desemba 2023 katika nchi saba, zikiwemo Kenya na Uganda, na mgahawa ambao wateja wake wote wako kwenye huduma ya namna hiyo unaweza kubaki bila namba zao za simu.

Namba hizo nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawahusu ninyi pia mnapohifadhi majina, simu na mahali watu wanapofanyia kazi. Chukueni zile tu zinazohitajika kufikisha chakula, na akaunti ya tovuti, pamoja na nywila yake, isajiliwe kwa jina la mgahawa, si la mpwa, ambaye akimaliza chuo huenda akapata ajira Dodoma.